Tuandikieni Namba Zilizozaa Mstari Huo

Mimi ni mzaliwa wa Mutomo, Kitui, na kazi yangu ni kusoma vipimo vya visima. Mtambo ukishatoboa mwamba, kifaa huteremshwa kwa waya hadi chini, kisha huvutwa juu polepole kikipima miale ya gama na ukinzani wa umeme mita kwa mita. Kazi hii ilianza zamani. Mchoro wa kwanza wa umeme wa namna hiyo ulipatikana Pechelbronn, Ufaransa, Septemba 1927. Siku hizi programu za kompyuta zina kisanduku cha kuandikia mlinganyo. Unaandika, unabonyeza, na mstari mpya unatokea kando ya ile iliyopimwa: kiasi cha udongo wa mfinyanzi, nafasi wazi za kukaa maji, chumvi. Rangi ni ileile na unene ni uleule, ingawa hakuna kifaa kilichowahi kuupima.

Milinganyo hiyo naitumia na naiheshimu. Ninachopinga ni kuikabidhi kamati ya maji ya kijiji mstari wa kukokotolewa bila kuiambia umekokotolewa vipi.

Chukua mlinganyo wa udongo. Unatafuta usomaji mdogo kabisa wa gama kisimani na ule mkubwa kabisa. Kwenye usomaji wa kila kina unatoa ule mdogo, kisha jibu linagawanywa kwa tofauti ya namba hizo mbili. Tuseme mdogo ni 40, mkubwa 240, na mita fulani inasoma 190. Jibu ni asilimia 75, na programu inapaka rangi ya udongo. Penye tabaka za mchanga na udongo, huenda ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya Kitui imekaa juu ya miamba migumu iliyobanwa na kuchomwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na ndani yake hupita mishipa ya pegmatiti, lile jiwe la waridi lenye potasiamu nyingi. Potasiamu hutoa gama. Kwa hiyo jiwe lisilo na chembe ya udongo linaandikwa udongo. Tena mishipa hiyo hupasuka kwa urahisi, na mara nyingi maji ya miamba yetu hupita kwenye nyufa kama hizo. Fundi akiuamini mstari, anashusha bomba lisilo na matundu mahali hapo hapo, na maji yanazibwa nje ya kisima.

Vuka uingie Makueni, ushuke hadi Kibwezi kwenye lava za Chyulu, mambo yanageuka tena. Lava ile nyeusi hutoa gama kidogo sana. Namba zilizochaguliwa kule haziwezi kubebwa hadi Mutomo zikafaa, lakini faili ya kompyuta inazibeba bila kulalamika.

Ndivyo ilivyo kwa mlinganyo maarufu unaokadiria nafasi za maji kutokana na ukinzani wa umeme, ule wa Gus Archie wa kampuni ya Shell, aliouchapisha mwaka 1942. Aliutoa kwenye mawe ya mchanga ya pwani ya Ghuba ya Meksiko, ambako maji hukaa kati ya punje na punje. Kwetu maji hukaa kwenye ufa. Na mstari wa chumvi unaotokana na umeme hauwezi kuonyesha floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hiyo inataka chupa ya maji na maabara.

Mama mmoja, mweka hazina wa mradi, aliweka kidole kwenye ripoti akaniuliza: "Mwanangu, huu mstari mliupima ama mliuhesabu?" Sijasikia swali bora kuliko hilo katika mkutano wowote wa wataalamu.

Mamlaka ya Rasilimali za Maji tayari hudai rekodi ya kila kisima kikimalizika. Naomba idai zaidi, na serikali za kaunti za Kitui na Makueni zifanye hivyo katika kandarasi zao. Kila mstari wa kukokotolewa uandikwe mlinganyo wake na namba zake pembeni. Vipimo ghafi vikabidhiwe pamoja nao, viwe mali ya umma. Na vipande vya mwamba vilivyotoka kina kilekile viwekwe kwenye mifuko yenye alama, mtu aweze kuvishika mkononi na kuona kama ni udongo au ni jiwe.

Wapo wenzangu watakaosema wanakijiji hawataelewa. Mlinganyo wa gama ni kutoa mara mbili na kugawanya mara moja. Mweka hazina anayegawa michango ya maji kila mwezi anauweza. Anachokosa ni zile namba mbili, na jina la aliyezichagua.