VIUMBE VYA BAHARI: NGISI NA MSHIPA WAKE MNENE

Mtu wa bara afikapo pwani kwa mara ya kwanza, akamwona ngisi juu ya meza ya muuza samaki, huweza kumpita kwa dharau. Hana magamba wala miiba. Ni kiumbe laini, aliyelegea kama kitambaa kilichorowa. Walakini ndani ya mwili huo mna jambo moja lililowafaa wagonjwa wa dunia nzima, na ambalo lamhusu hata mkulima wa milimani asiyepata kuiona bahari.

Ngisi huvuliwa na kuuzwa pamoja na samaki, lakini yeye si samaki. Jamaa zake ni pweza, chaza, na hata konokono wa shambani. Konokono huibeba nyumba yake mgongoni; ngisi amebakiwa na kipande chembamba tu, mfano wa unyoya unaopenya nuru, nacho kimelala ndani ya mwili wake. Kichwani ana mikono minane mifupi na minyiri miwili mirefu, ambayo huirusha ghafula kumkamata samaki mdogo au kamba. Katikati ya mikono hiyo upo mdomo mgumu, uliopindika kama wa kasuku.

Mdomo huo una sababu yake. Njia ya chakula ya ngisi hupita katikati ya ubongo, kama uzi upitavyo katika tundu la ushanga. Tonge kubwa laweza kumdhuru. Basi hukata chakula vipande vidogo vidogo kabla ya kumeza. Kwake yeye, haraka haraka haina baraka kwa maana iliyo kamili.

Mioyo anayo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua ili ipate hewa, na wa tatu huipeleka mwilini mwote. Damu ya mwanadamu ni nyekundu kwa sababu ya chuma kilichomo. Ya ngisi ina shaba, nayo ikiisha kupata hewa huwa na rangi ya samawati.

Adui zake ni wengi: papa, jodari, nyangumi na ndege wa baharini. Tena hana ganda la kumkinga. Kinga yake ni kukimbia. Mwili wake ni kama mfuko wa nyama uliojaa maji; akishtuka huukamua mara moja, maji yakatoka kwa nguvu katika bomba fupi lililo chini ya kichwa, naye akaruka kinyumenyume kama mshale. Pengine huacha wingu la wino mweusi nyuma yake, adui akapigana na kivuli.

Lakini mfuko ule ni mrefu. Nyama iliyo karibu na kichwa ikijikamua kabla ya ile ya mbali, nguvu ya maji hupotea. Mkuu wa ofisi mwenye matarishi wawili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, akitaka barua zao zifike kwa wakati mmoja, humpa baiskeli yule wa mbali. Ndivyo ilivyo kwa ngisi. Ujumbe hupita upesi zaidi katika mshipa wa fahamu ulio mnene. Kwa hiyo mishipa iendayo mbali ni minene kupita ile ya karibu, na mfuko wote hujikamua kwa pamoja.

Unene wenyewe ni wa ajabu. Uzi mmoja wa fahamu wa mwanadamu, hata ulio mnene, ni kama sehemu ya hamsini ya milimita. Wa ngisi waweza kufikia karibu milimita nzima, nao waonekana kwa macho matupu. Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, J. Z. Young, aliwaeleza wenzake habari za mishipa hiyo. Mwaka 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza kijirija cha kioo ndani ya mshipa mmoja, wakaupima umeme wake. Vita ikawakatiza. Walirudi kazini baadaye, na mwaka 1952 wakaeleza jinsi ujumbe upitavyo: sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, huingia katika mshipa, kisha potasiamu hutoka, na badiliko hilo hukimbia toka mwanzo hata mwisho wa mshipa. Tarehe 10 Desemba, 1963, siku mbili kabla ya uhuru wa Kenya, walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles wa Australia.

Mishipa ya mwanadamu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mganga wa meno adungapo sindano ya ganzi, dawa huifunga milango ya sodiamu, na habari ya maumivu haifiki kichwani. Dawa itokayo katika maua ya pareto hufanya kinyume chake: huizuia milango hiyo isifungike ndani ya mishipa ya mdudu, naye hutetemeka, akalegea, akafa.

Ngisi walio wengi hawaishi zaidi ya mwaka mmoja hivi. Huzaliana mara moja, kisha hufa. Basi mkulima akaukapo pareto yake juani, na karani aketipo katika kiti cha mganga wa meno, wote wawili wana deni kwa mkimbizi huyo wa baharini mwenye maisha mafupi.