Kumwita mtoto "dili" si utani

Katika Kanda ya Ziwa, mtoto mwenye ualbino huitwa zeruzeru, na wengine humwita "dili". Jina hilo la pili halikuzuliwa na watoto. Limetoka kwa waliogeuza viungo vya binadamu kuwa biashara ya kishirikina. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa wilayani Muleba, ng'ambo ya Ziwa Victoria, akauawa. Jina hilo likitamkwa kwenye uwanja wa shule Bweri, hapa Manispaa ya Musoma, ni tishio, na anayeitwa analielewa hivyo.

Walimu na wazazi wanaojitetea kuwa "ni utani wa watoto" tunawakatalia. Mtani hujibiwa, wote wakacheka. Mtoto mwenye uoni hafifu, aliyezungukwa na darasa zima na kunyang'anywa kofia inayomkinga na saratani ya ngozi, atamjibu nani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu, afya, dini, lugha au asili yake. Inamtaka pia mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwalimu ni mwanajamii. Akiona akanyamaza, amekiuka wajibu.

Wapo watakaoshauri mtoto ahamishiwe bweni. Shule za Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi zilipokea watoto waliokimbia wauaji. Hazikuwekwa ili kuwapumzisha walimu wasiotaka kukemea. Aliyeonewa akiondoka, waonevu watamtafuta mwingine. Wala fimbo si dawa: anayechapwa mstarini hufundishwa kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Walimu wakuu wa Bweri wawaache wanafunzi wachague walimu wawili, mmoja wa kike, wa kupokea malalamiko kwa siri. Kila mwezi kamati ya shule na afisa ustawi wa jamii waelezwe, bila kutajiwa majina ya watoto, yaliyoripotiwa na hatua zilizochukuliwa. Namba 116, isiyotozwa malipo, ibandikwe kila darasa. Na mwalimu anayemwita mwanafunzi kwa ulemavu wake awe wa kwanza kuchukuliwa hatua za kinidhamu.

Afisa elimu kata akikuta daftari la malalamiko likiwa tupu, asiipongeze shule. Aulize watoto wanamwogopa nani.