Barua ya Wazi kwa Afisa Aliyechukua Ufunguo

Bwana Afisa,

Jina lako sitalitaja, wala cheo chako, wala jengo unamofanyia kazi. Unajijua. Nasema tu kwamba naandika kutoka Makutano hii yetu ya Meru, si ile ya njia panda ya Embu wala ile ya kule Kapenguria, maana Kenya imejaa Makutano na sitaki afisa asiye na hatia aanze kutafuta wakili kwa ajili yangu.

Barua uliyokiandikia kikundi chetu cha watu walioacha pombe wanaowasaidia waraibu ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilitoa shukrani. Ya pili ilisema kwamba watu "wasio na vyeti vya taaluma" hawataruhusiwa tena kukaa na waraibu ndani ya jengo la umma, wala kuwatembelea wodini, na kwamba ufunguo wa chumba walichokuwa wakikutania ukabidhiwe karani kabla ya Ijumaa. Ulikabidhiwa Alhamisi. Watu walioacha pombe, kama hujui, ni hodari sana wa kufuata masharti.

Kazi ya chumba kile sikuelezi. Ulikuja pale tarehe 26 Juni, siku ya dunia ya kupambana na dawa za kulevya, ukavaa fulana, ukapigwa picha umemshika bega mzee mmoja fundi viatu wa kikundi hicho. Picha hiyo bado iko kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yako. Chini yake ndipo ilipobandikwa nakala ya barua ya kumfukuza. Labda gundi ilikuwa imebaki.

Shauri langu ni la saa. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, inaruhusu baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Ofisi yako inafungwa saa kumi na moja jioni. Mshauri nasaha wako mwenye cheti, binti mwenye adabu ambaye sina neno naye, anapanda matatu ya kwenda kwao saa hiyo hiyo. Sasa nieleze: mtu aliyetoka juzi kwenye kituo cha kurekebisha waraibu, ambaye mchana kutwa hana shida kwa kuwa yuko kazini na jua linawaka, saa kumi na mbili atakuwa na nani?

Mimi nina hoteli ndogo karibu na steji. Nauza chai, chapati na ndengu. Saa kumi na mbili naiona kila siku. Fundi wa mjengo amelipwa, mwenye boda amehesabu za siku, muziki umeongezwa sauti, na mwenye baa amesimama mlangoni akiita watu kwa majina yao. Huyo hajawahi kumuuliza mtu cheti.

Ndugu yangu anayenifuata kuzaliwa ni mwendesha boda. Nilimpeleka kituoni kwa mkopo wa sako ambao nitaulipa hata baada ya watu kusahau jina lako. Alitoka amenona, anasalimia watu, anakumbuka siku za kuzaliwa za watoto wake. Kule walimtunza vizuri. Lakini kituo kina ukuta na geti, na Makutano haina geti. Waliompokea aliporudi hawakuwa serikali. Walikuwa ni huyo fundi viatu, mama mmoja wa mitumba, na kijana aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla chupa haijamtoa darasani. Wote watatu walikwisha kunywa hadi mwisho wa kunywa, wakarudi. Kila jioni, baa zikifunguliwa, mmoja wao alikuwa ameshafika steji. Chai kwangu, mara nyingi kwa deni. Kisha wanatembea naye hadi chumbani, wanakaa na wenzao mpaka usiku umetulia, halafu wanamsindikiza hadi kwake. Wao wenyewe waliita kazi hiyo kumvusha mtu. Hakuna aliyelipwa hata nauli.

Naomba uelewe walichokuwa wanajua ambacho mimi, dada yake wa damu, sikukijua. Jioni moja ndugu yangu aliinuka akasema anakwenda kununua kredo. Mimi ningemwambia nenda, urudi upesi. Mzee hakunyanyua hata macho. Alitoa simu yake akaiweka mezani, akasema, "Mimi ninayo kredo, tumia hii." Ndugu yangu akaketi. Jioni nyingine alilalamika kwamba miguu inamuuma, anataka kunyoosha kidogo. Mzee akacheka: "Hiyo si miguu, ni koo." Wakacheka wote, na mambo yakaishia hapo. Chuo kinachofundisha somo hilo, Bwana Afisa, nionyeshe nami nikope tena sako nijiandikishe.

Na usiseme walikuwa wanacheza na maisha ya watu. Mtu akija anatetemeka, ameamka hajanywa ile ya asubuhi ya kutoa loki, anataka kuacha siku hiyo hiyo kwa nguvu za Mungu, hawakumfungia chumbani wakamwombea. Walimpeleka hospitali kwanza. Mnywaji wa miaka mingi akikata pombe ghafla anaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, wengine hufa. Yule mama wa mitumba anajua kwa sababu yalimpata. Kwa mwili wake alijua lini kazi ni ya daktari na lini ni yake.

Ukafunga chumba. Wakajaribu kukutana barazani mwa duka, mwenye duka akasikia kuhusu barua yako, akaogopa leseni yake. Wakahamia chini ya mti, mvua za Aprili zikaanza, nawe unajua mvua za huku mlimani. Kikundi kikatawanyika. Na jioni moja, saa kumi na mbili, ndugu yangu akasema anakwenda kununua kredo.

Boda ilikuwa ya mkopo, wenyewe wameichukua. Mke amerudi kwao na watoto. Yeye anabeba mitungi ya maji nyuma ya baa, analipwa kwa glasi. Hayo nayapita, si kwa kuwa ni madogo, ila kwa kuwa yote yametoka mahali pamoja: saa kumi na mbili hapakuwa na mtu.

Katika mkutano tuliokuomba, ulituambia kwamba serikali haiwezi kuwakabidhi wagonjwa kwa "walevi wastaafu". Ukumbi ulicheka. Ni kichekesho kizuri, nimekubali. Basi nikusimulie habari ya mlevi mmoja mstaafu. Mei 1935, mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta ukumbini mwa hoteli, biashara imemharibikia, na sauti za baa zinamfikia. Alikwenda kwenye simu. Hakumtafuta daktari wa kumtibu, alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye ili yeye mwenyewe asinywe. Akaelekezwa kwa Robert Smith. Huyu Smith alikuwa daktari wa upasuaji, Bwana Afisa. Vyeti unavyovidai wewe alikuwa navyo, na alikuwa analewa navyo. Baadaye alieleza kwamba aliyemgusa alikuwa mtu wa kwanza kuongea naye juu ya ulevi akiwa ameupitia. Juni mwaka huo akaacha, asinywe tena hadi alipofariki mwaka 1950. Hapo ndipo ulipozaliwa ule ushirika wa walevi wanaosaidiana unaokutana leo duniani kote, Kenya ikiwemo.

Kama hadithi za Wamarekani hazikutoshi, kijana wa chuo anayekula kwangu amenionyesha mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, tafiti 27, watu zaidi ya 10,000. Yaligundua kwamba kuwaunganisha watu na vikundi vya namna hiyo, kwa utaratibu mzuri, kunawasaidia kuacha kabisa sawa na tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi kuzishinda. Karibu zaidi, Zanzibar, soba hausi zinaendeshwa na watu walioacha heroini wenyewe. Na karibu kuliko zote, kwenye kliniki zetu za wajawazito, mama anayeishi na virusi vya Ukimwi huketi na mama mwenzake aliyepata majibu leo, akamwambia: mimi nilijifungua, mtoto wangu hana virusi. Hilo serikali ililielewa. Hakuna afisa aliyemwita "mgonjwa mstaafu".

Nakubali una hoja moja. Nchi hii imeona vituo bandia, watu wanafungwa minyororo na kuchapwa na kuitwa wagonjwa, na mwenye kituo anahesabu pesa. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imefunga baadhi ya vituo visivyo na idhini, na ilifanya vyema. Lakini hao walikuwa wanatoza. Hawa wangu, mimi ndiye niliyekuwa nawadai chai. Kama hofu yako ni ujinga wao, dawa ya ujinga ni mafunzo. Kufuli haifundishi.

Na pesa usiniambie hakuna. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wake, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Jambo jema, mmoja wao alinipima presha wiki iliyopita. Kumbe basi mtu wa kijijini asiye na shahada anaweza kufunzwa, akapewa kitambulisho, akaingia nyumba za watu, na mbingu zisianguke.

NACADA ilitangaza katika utafiti wake wa 2022 kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wa miaka 15 hadi 65 anatumia kilevi cha aina fulani, watu kama milioni 4.7, na kwamba zaidi ya milioni 1.3 wamefikia uraibu wa pombe. Hata washauri nasaha wote wenye vyeti wa nchi hii wangekesha bila kulala, hesabu haiwezi kutimia. Nao hawakeshi. Wanafunga saa kumi na moja.

Huku kwetu hatuhitaji takwimu ili tuogope. Mei 2014 watu walikufa Embu na kaunti nyingine kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine wakapofuka. Februari 2024 ikawa kijiji cha Kangai, Kirinyaga, na ikaelezwa kwamba sumu ile ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka kwenye kituo cha polisi. Mwezi uliofuata likaja kabrasha la maagizo kutoka Wizara ya Usalama wa Ndani: leseni zikaguliwe upya, viwanda vifungwe, baa za mitaani ziondolewe. Ndivyo mnavyojua kupambana. Mnamwaga lita, mnapiga picha ya mtaro, mnahesabu washukiwa. Katiba yenyewe, Jedwali la Nne, imeweka utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya mikononi mwa kaunti, katika orodha moja. Leseni zinalipiwa na kuleta mapato, kwa hiyo hazisahauliki; jukumu lile jingine husahaulika. Kuhusu miraa na muguka sisemi neno. Karo yangu ililipwa kwa miraa, na Mei 2024 mlituonyesha, gavana anapiga marufuku muguka pwani na Rais anaitengua marufuku hiyo, jinsi mnavyoweza kwenda mbio mkitaka.

Kwa hiyo naomba haya, na naomba kwa maandishi. Chumba kifunguliwe tena kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na Jumamosi na Jumapili kuanzia saa nane mchana, maana ndipo baa hufunguliwa siku hizo. Marufuku ya kuwatembelea waraibu wodini ifutwe, na mtu akitolewa hospitalini au kituoni, jina la mmoja wa wale watatu liandikwe kwenye karatasi yake ya kurudi nyumbani kama linavyoandikwa jina la dawa. Wapewe mafunzo, wapewe kitambulisho, wapewe posho ile ile ya mhamasishaji wa afya, isipungue kwa kuwa waliwahi kunywa. Na mshauri nasaha wako akutane nao mara moja kwa wiki, mchana, ndani ya saa zenu tukufu za kazi, wabadilishane habari za nani anayumba.

Ikiwa hayo ni mengi, anza na ufunguo. Uko kwenye droo ya kushoto ya karani wako, umefungwa kwa uzi mwekundu. Nilimwona akiutumia kufungulia soda.

Ikiwa hata huo ni mwingi, basi toa amri baa za Makutano nazo zifungwe saa kumi na moja, muda wenu wa kwenda nyumbani, ili sote tulale mapema.

Nimemsomea fundi viatu barua hii kabla ya kuituma. Anasema nipunguze maneno makali, na nikwambie kwamba yeye hana kinyongo. Nimekwambia. Mimi ninacho.

Wako mtiifu,
Mwenye hoteli, Makutano, Meru