WAKILI AJE KUZE KABLA YA KARANDINGA

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayemwita katika ukurasa huu ni wakili. Huku kwetu Kuze, Kibokoni na Mkanyageni, wakili twamjua, lakini twamjua vibaya. Kwetu sisi ni mtu wa koti jeusi anayetafutwa mbio mbio usiku, kijana wa watu akishakamatwa, mama yuwalia na baba yuwazunguka mtaani kuchanga pesa. Kwani ni lazima tujuane siku ya msiba tu?

Rai yangu ni hii: mawakili wetu waje mashuleni na barazani mapema, tena waje mara kwa mara. Wasije siku ya zawadi pekee, wakatoa hotuba, wakala biriani na kwenda zao.

Hebu tutazame wanayoweza kutufunza. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chasema mtu akikamatwa ni lazima aambiwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Tena afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Na zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kwanza inapofunguliwa. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 yasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Sasa niulize: ni wangapi kati yetu tunaokaa maskani jioni tunaoyajua haya? Msako ukipita, wengi wetu twajua jambo moja tu, kukimbia. Na akimbiaye ndiye adhaniwaye mwizi.

Kazi hii si ngeni. C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, aliwatetea walioshtakiwa kwa Mau Mau katika miaka ya 1950, na mkoloni akamchukia kwa hilo. Mwaka wa 1973 kikaanzishwa Kituo cha Sheria kule Nairobi kuwasaidia wasioweza kulipa wakili, na baadaye kikafungua ofisi hapa Mombasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo ikaleta Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Njia basi ipo. Kinachokosekana ni wa kutushika mkono na kutuonyesha.

Wako watakaosema, "Aa, mawakili ni waongo! Watawafunza watoto ujanja wa kukwepa makosa." Sikubali. Kijana anayeijua sheria huijua na mipaka yake. Atajua kuwa kubeba mfuko wa rafiki bila kuuliza una nini ndani kwaweza kumsimamisha kizimbani. Wengine watasema mawakili wana shughuli nyingi. Ni kweli, kodi ya ofisi hailipwi kwa dua. Lakini wakili mmoja, saa mbili, mara moja kila muhula, ni mzigo gani huo? Na kutoka mahakamani hadi Kuze ni mwendo wa miguu tu.

Zaidi ya hotuba, twataka ulezi. Wakili amchukue mwanafunzi wakati wa likizo, akae ofisini mwake, apange mafaili, aone hati ya kiapo inavyoandikwa. Walimu nao watupeleke mahakamani tukae viti vya nyuma tusikilize kesi. Ni heri tuingie mahakamani mara ya kwanza na sare za shule kuliko na pingu.

Na nyinyi wanachama wenzangu, wale wanaotucheka ati Kiswahili hakina kazi, waambieni hivi: mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Hata Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya 2012, ilipotaja alama za kuingilia, iliandika B katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo insha na ufahamu tusivifanyie mzaha. Huenda wakili wa kesho wa mtaa huu yuko katika chama chetu.

Pale Ngomeni, Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, wanafunzi huingia na madaftari na kutoka wakicheka. Jela imeweza kugeuka mahali pa kusoma. Yatushinda nini kumleta wakili darasani?

Enyi mawakili mliolelewa Mji wa Kale, mkanywa kahawa ya baraza hizi, rudini mtutazame. Walimu wetu, waandikieni barua muhula huu, msingoje mwakani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.