Mfanyakazi Asomaye Usiku

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kianzishwe kwa sheria ya mwaka 1992, mlango wa elimu ya juu umekuwa wazi kwa mtu asiyeweza kuacha kazi yake. Leo karani wa bandari au muuguzi wa zamu aweza kusomea shahada ya uzamili kwa mtandao, pasipo kuaga kazi wala watoto. Twafurahi sana. Lakini furaha hiyo isitufanye tusahau hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Toa saa za kazi, toa saa 49 za usingizi. Zabaki 74, na humo ndimo mna daladala ya Mbagala hadi Posta, sokoni, wagonjwa, misiba na watoto. Asomaye saa 15 kwa wiki huzipunguza usingizini, au humwachia mwenzake mzigo wote wa nyumba. Mfanyakazi mwanamke, ambaye mara nyingi mzigo huo ni wake tangu hapo, hufungua kitabu wengine wamekwisha lala.

Wako waajiri wasemao kwamba masomo ni shauri la mtu binafsi. Ajabu ni kuwa hao hao, shahada ikipatikana, hawaoni haya kuitumia elimu hiyo.

Nasi wafanyakazi tuambiane kweli. Wako wafichao masomo yao, kisha wakaandika tasnifu kwa kompyuta ya ofisi huku mwananchi akingoja dirishani. Huo ni wizi wa saa. Na yule amlipaye mtu amwandikie tasnifu tusimhesabu kabisa; huyo hajasoma.

Lakini walio wengi ni waaminifu, nao hutumia likizo yao ya siku 28 kufanyia mitihani, wakarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Likizo hiyo ni ya mapumziko. Kwa hiyo twavitaka vyama vya wafanyakazi, vinapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, vidai jambo moja dogo: mfanyakazi aliyemwarifu mwajiri wake mapema na kuonyesha ratiba ya chuo apewe siku za mtihani kwa mshahara, pasipo kukatwa likizo yake. Habari ya saa za kutoka mapema yaweza kujadiliwa baadaye.