Hamu ya kupunguza vitu haiji kwa kungojwa
Wengi wanaoahirisha kupunguza vitu nyumbani husema wanangoja hamu, nami naona watangoja sana, kwa sababu kinachotuzuia ni thamani tunayokipa kitu kwa kuwa tu ni chetu. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliopewa kikombe walitaka bei ya kama mara mbili ya ile ambayo wenzao wasio nacho walikuwa tayari kulipa, na kikombe chenyewe wamekishika muda mfupi tu. Sembuse redio mbovu iliyokaa juu ya kabati miaka mingi! Atakayejibu kwamba akiba haiozi, na kwamba mwenye kipato kidogo hawezi kutupa ovyo, ana hoja nzito ninayoiheshimu. Lakini redio hiyo kwa fundi ni vipuri leo hii, na tairi na makopo yaliyorundikwa uani hukusanya maji ya mvua, humo mbu aina ya Aedes waenezao homa ya dengi wakazaliana. Jiulize basi: ningekikuta kitu hiki sokoni leo, ningekinunua? Kama hungekinunua, mpe jirani au fundi kabla ya jioni.