Riwaya ya taharuki: Skrini yaongeza utamu, yapunguza uchungu

MJADALA kuhusu iwapo riwaya ya taharuki iliyonunuliwa kwa wingi hunoga zaidi inapogeuzwa filamu hauna mfano ulio karibu na Wakenya kuliko The Constant Gardener, kitabu cha John le Carré kilichochapishwa 2001 na kufika kwenye skrini 2005.

Kisa ni kile kile. Tessa, mke wa mwanadiplomasia Mwingereza jijini Nairobi, anauawa karibu na Ziwa Turkana baada ya kugundua kwamba maskini wanajaribiwa dawa ya kifua kikuu ambayo madhara yake yanafichwa. Mumewe, Justin, mtu mpole aliyezoea kutunza maua, anaanza kufuata nyayo zake.

Mwelekezi Fernando Meirelles, raia wa Brazil, alipiga picha Kibera kwenyewe na Loiyangalani badala ya kutafuta nchi nyingine ya kuigiza Kenya. Uamuzi huo ndio nguzo ya filamu. Pengo lililopo kati ya bustani za mabalozi na vibanda vya mabati, ambalo mwandishi hulieleza kwa aya nyingi, kamera hulionyesha kwa nukta chache, na nyatiti ya marehemu Ayub Ogada hukamilisha yaliyosalia. Isitoshe, Tessa, ambaye kitabuni ameshakufa hadithi inapoanza na hufahamika kupitia kumbukumbu na maandishi, kwenye skrini anacheka, anabisha na kukasirika. Si ajabu Rachel Weisz alituzwa Oscar 2006 kwa uigizaji huo.

Hata hivyo, riwaya ya aina hii hujengwa kwa ushahidi, na ushahidi hauna sura ya kupigwa picha. Mahojiano marefu ya polisi na nyaraka za kampuni vilifupishwa. Safari ya Justin hadi Canada ikatupwa kabisa. Msomaji hung'amua polepole jinsi uovu unavyotendwa na waungwana wenye tai, kila mmoja akitia sahihi karatasi yake ndogo na kwenda nyumbani kula chajio. Mtazamaji huambiwa tu kwamba uovu umetendeka. Hata ukali wa kitabu dhidi ya utawala wa Moi haukufika wote kwenye filamu.

Tofauti kubwa zaidi imo katika hitimisho. Filamu inamwaibisha mkubwa mmoja wa serikali ya Uingereza hadharani, barua ya siri inaposomwa mbele ya waombolezaji. Kitabuni hakuna faraja hiyo: siri inafunikwa na wakubwa wanaendelea na maisha yao.

Je, upi ulio karibu na ukweli? Jijini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribu watoto dawa ya Trovan wakati wa mkurupuko wa homa ya uti wa mgongo 1996. Makubaliano ya fidia na serikali ya jimbo hilo yalipatikana 2009, miaka 13 baadaye, bila kampuni kukiri kosa. Hakuna barua iliyosomwa kanisani.

Kwa kipimo hicho filamu inashinda kwa kugusa moyo, kitabu kwa kutodanganya. Lakini kuna kasoro ambayo haikurekebishwa na yeyote kati ya mwandishi na mwelekezi. Wanza, mama Mkenya anayekufa hospitalini baada ya kupewa dawa hiyo, hapewi nafasi ya kujieleza kitabuni wala kwenye skrini.